Mwanaume Mzee Kuliko Wote

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mwongozo umekamilika! Kurasa nne, kanuni ishirini na mbili. Nimetoa nakala hamsini pale stationery ya karibu na stendi. "Mwongozo wa Hujaji wa Miguu, Mbulu hadi Katesh. Umeandaliwa na Mwl. Tadeo Shirima." Jina nimelikoleza wino. Padre Didas, paroko wetu, alikuwa ameomba ukurasa mmoja tu wa maelekezo. Ukurasa mmoja! Watu wengine hawajui wanaongea na nani.

Nimegusa kila kitu. Maji, soksi, chumvi, mafuta ya mgando katikati ya vidole, namna ya kupumua kwenye kilima. Scola, mke wangu, kauliza haya yote nimeyatoa wapi, maana hajawahi kuniona nikitembea zaidi ya kutoka hapa hadi shuleni, na hata huko bodaboda ikinikuta njiani napanda. Nikamwambia aliyeandika kitabu cha Jiografia hakuzunguka dunia nzima. Akanyamaza. Simpendi Scola akinyamaza hivyo.

Kanuni ya saba ndiyo roho ya kitabu: "Mwanaume mzee kuliko wote atatangulia mbele kwa miguu, siku zote, mwanzo hadi mwisho, na wengine watafuata mwendo wake." Inasomeka kama busara. Ukweli ni kwamba nimemwandikia Evarist. Evarist ana miaka hamsini na minane, ni karani wa masijala ya utumishi, ametembea hija hii mara mbili na hamalizi kikombe cha chai bila kukukumbusha. Mimi nina hamsini na minne. Kwa miaka minne hiyo tu amenidai shikamoo tangu nihamie Mbulu kutoka Rombo! Nikichelewa kumsalimia, ananisubiri, ananitazama mdomoni. Haya sasa, atangulie. Tumwone.

Jumapili, 3 Agosti 2025

Niandike kwa nini naenda, ili siku moja watu wajue nilivyoonewa.

Desemba ile ya 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang, binti yetu Glory, anayefanya kazi zahanati, alikuwa amepanga chumba Jorodom, Katesh. Siku mbili simu yake haikupatikana. Siku ya pili Scola alipiga magoti jikoni, akaweka nadhiri kwa Mama Maria: Glory akipatikana hai, wazazi wake wote wawili watatembea kwa miguu kutoka mlangoni kwetu hadi pale atakapopatikana. Wote wawili! Mimi nilikuwa sebuleni. Sikuulizwa.

Glory akapatikana juu ya paa la jirani, hai, mkono mmoja umevunjika. Sitaki kuandika zaidi kuhusu siku ile.

Scola alitembea mwaka jana. Mimi mwaka jana nilikuwa na mgongo. Sasa Glory anafunga ndoa mwezi wa kumi na amenipigia simu. Anasema nadhiri iliyolipwa nusu inamkosesha raha, hataki kuingia nayo kanisani siku ya harusi. Akasema, "Baba, njoo kwa miguu. Hiyo ndiyo zawadi yangu, sitaki nyingine."

Nampenda mtoto huyu mpaka naumwa. Nikasema naja. Lakini ni siku tano za kutembea! Mimi ni mwalimu, si ng'ombe wa mnadani.

Leo baada ya misa Judica, yule dada wa kwaya anayeandikisha, akatoa tangazo. Mwenye miaka sitini na kuendelea anaruhusiwa kupanda Kenta, lile lori la mizigo, na Padre amethibitisha kwamba kwa mtu wa umri huo hija ni halali na nadhiri imetimia. Imetimia! Ndani ya Kenta!

Fomu ilipofika kwangu nikaona safu ya UMRI. Nikaandika 61. Kalamu iliteleza. Nimemdhuru nani? Mvi ninazo, kipara ninacho. Hata fundi wa baiskeli pale sokoni huniita mzee.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Siku tamu kuliko zote tangu nianze kazi!

Orodha ya mahujaji imebandikwa mlangoni mwa kanisa, majina na umri. Tuko arobaini na mbili. Wanaopanda Kenta ni Bibi Eufrasia, miaka sabini na mitatu, na mimi. Evarist akaisoma, akaisoma tena, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akaja mpaka niliposimama. Watu wanaona.

"Shikamoo," akasema.

Nikajifanya sikio langu halijasikia vizuri, nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwitikia marahaba taratibu, nikiimalizia herufi moja moja. Miaka kumi na tisa nimeisubiri marahaba hiyo.

Akasema siku zote alidhani mimi ni mdogo kwake. Nikamwambia ni ngozi, sisi watu wa Rombo hatuzeeki haraka. Akasema kumbe. Akatoa kalamu akaandika kitu kwenye kiganja chake. Wivu tu huo.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimeonewa. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kibaraza cha kanisa la kigango, Dongobesh, miguu iko ndani ya beseni.

Asubuhi nilipanda Kenta mapema, nikachagua kona nzuri kati ya magunia ya unga, nikaweka mto wangu. Judica akaja na Mwongozo mkononi. Mwongozo wangu! Akaomba watu wote wanyamaze, akasoma kanuni ya saba kwa sauti ya kwaya. Halafu akauliza mwanaume mzee kuliko wote ni nani, kwa mujibu wa orodha.

Nikasema kanuni zile ni za mfano tu. Padre akasema hapana, amezisoma zote, ni nzuri sana, hasa hiyo, na kwamba kuna unyenyekevu mkubwa kwa mwandishi kujiandikia mzigo mzito namna hii. Watu wakapiga makofi. Evarist alipiga makofi mpaka wengine walipoacha.

Nikashuka. Nikapewa fimbo.

Kilomita ya tisa viatu vikaanza. Kanuni ya tatu inasema viatu viwe vipya, vya ngozi, vigumu, ili vishike mguu. Vimeushika! Malengelenge matatu kisigino cha kulia, mawili cha kushoto, moja liko mahali ambapo sikujua mtu anaweza kupata lengelenge. Evarist yuko katikati ya msafara na raba zilizochanika, anaimba sauti ya pili.

Halafu Kenta likatupita. Juu yake amekaa Bibi Eufrasia na rozari yake, na pembeni yake Scola, mke wangu wa ndoa, amekalia mto wangu! Yeye ni mpishi wa safari, kwa hiyo anapanda. Ana miaka hamsini! Nadhiri yake alishalipa mwaka jana, hadaiwi kitu, anakula mhindi wa kuchoma. Akanipungia.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Nimegundua ubaya mwingine wa kanuni ya saba. Kiongozi wa mbele hawezi kubaki nyuma. Nikisimama, watu arobaini wanasimama. Nikiingia kichakani kwa haja ndogo, wananisubiri wakiimba. Leo nimeimbiwa beti nne. Nani anaweza kukojoa namna hiyo?

Nilikuwa na mpango. Dongobesh kuna Farouk, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana pikipiki mpya. Nilipanga naye tangu jana: anikute kwenye kona ya pili baada ya daraja, aseme kuna mgonjwa mahali fulani mbele anamhitaji mwalimu haraka. Ningepanda. Ningewasubiri kivulini kilomita kumi mbele.

Farouk alifika kwa wakati, hilo nalisifu. Lakini ni kijana mwenye adabu. Akawasalimia wazee wote kwanza, shikamoo mmoja mmoja, akianzia kwa Padre. Alipofika kwangu alikuwa ameshasahau maneno. Akasema amekuja kumchukua mgonjwa. Padre akainua mikono akamshukuru Mungu, maana dakika hiyo hiyo kulikuwa na dada ameteguka kifundo cha mguu na hakuna aliyejua la kufanya. Wakampakia. Wakaondoka. Kwenye sala ya mchana Padre akaniombea mimi, mzee aliyeona mbali.

Nikatazama vumbi la pikipiki mpaka likaisha. Scola leo kanipikia uji wa ulezi, kakoroga sukari ya ziada, hakusema neno. Anaujua umri wangu. Kaona orodha mlangoni kama wengine wote. Kwa nini hasemi?

Jumatano, 13 Agosti 2025

Hirbadaw. Tumepokelewa nyumbani kwa Gidabuday, mfugaji, rafiki wa Padre. Mwaka jana aliwapatia mahujaji maziwa, kwa maelezo ya Evarist, ambaye anaeleza kila kitu.

Gidabuday ni mrefu, kajifunga shuka, kichwa chote ni cheupe. Mvi zangu mimi ni za kuhesabu. Za kwake ni kichwa kizima. Nilipofika mbele nikafungua mdomo kumwamkia. Judica akaniwahi. Akamtambulisha: huyu ndiye mzee wetu, ana sitini na moja, ametembea mbele kutoka Mbulu.

Gidabuday akanitazama. Akasema yeye kwa kadi yake ana sitini kamili. Akashika fimbo kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Ningefanya nini? Watu arobaini nyuma yangu! Nikasema marahaba. Ilitoka kama mfupa wa samaki. Mtu mzima, mwenye boma lake, ng'ombe zake, wajukuu wamesimama wanaangalia, ananiamkia mimi niliyezaliwa miaka sita baada yake. Nilijisikia vibaya. Naandika wazi: nilijisikia vibaya sana, na aliyesababisha ni Judica.

Baadaye Gidabuday akaangalia miguu yangu, akaangalia viatu, akauliza nani alinishauri kuvaa vile. Nikasema kuna kitabu. Akasema aliyekiandika ana roho mbaya. Akavua katambuga zake, zile kandambili za tairi, akanipa, akaenda zizini pekupeku.

Katambuga ni nzuri. Kanuni ya tatu haikuwa na kosa lakini. Miguu yangu haikuielewa.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mlima umeonekana. Asubuhi ulikuwa na wingu, kufikia saa nne ukafunguka wote, na ule mkwaruzo mrefu ubavuni tope lilipopita ukaonekana kutoka huku mbali. Wimbo ukakatika wenyewe. Nilitembea muda mrefu bila kuhisi malengelenge. Glory alikuwa pale chini. Chumba chake kilikuwa na pazia la bluu, nilimnunulia mimi.

Basi, nikiwa katika hali hiyo, mtu wa staha angeniacha. Evarist hakuniacha. Akaja mbele akatembea nami bega kwa bega, akasema ana swali, anauliza tu apate kuelewa. Mtumishi wa umma anastaafu akifika sitini. Mimi nina sitini na moja na niko darasani, nafundisha darasa la sita. Na jalada langu, ambalo yeye hulipanga kwenye rafu kila mwezi, linasema nimezaliwa 1971. Sasa uongo uko wapi, kanisani au serikalini?

Nikamwambia kuna umri wa karatasi na umri wa rohoni. Akasema ofisini hawana safu ya umri wa rohoni.

Halafu akasema hana nia mbaya. Anataka kitu kimoja tu: nimwamkie, mbele za watu, kama zamani, yaishe. Shikamoo moja!

Nikakataa. Nina heshima yangu. Akasema sawa, akarudi katikati, akaanza kuimba.

Ijumaa, 15 Agosti 2025, Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria

Zikiwa zimebaki kilomita tatu, mguu wa kulia ulikataa. Ulivimba mpaka mkanda wa katambuga ukazama. Nikakaa chini barabarani. Msafara ukasimama. Kenta likasimama.

Padre Didas akauangalia mguu, akatikisa kichwa. Akasema mzee wa umri wangu amefanya zaidi ya alivyoagizwa. Akasema kanuni ya saba imetoshelezwa, sasa itumike ruhusa ya sitini: nipande Kenta, nadhiri imetimia, yeye kama padre anasema hivyo. Akafungua mwenyewe ule mlango wa nyuma. Wanaume wawili wakaja kuniinua.

Hiki ndicho nilichokitaka tangu tarehe tatu! Mlango wazi, magunia, kivuli cha turubai. Na hakuna mtu ambaye angesema neno.

Scola alikuwa juu, amekalia mto wangu. Alinitazama. Ruhusa ile ilikuwa ya mtu wa sitini na moja, na pale barabarani tulikuwa wawili tu tuliojua kwamba mtu huyo hayupo. Evarist naye alijua, kwa hiyo watatu. Na Mama Maria, ambaye nadhani hasomi fomu za Judica.

Nikasema naenda kwa miguu.

Sababu ni mto. Naandika hapa isije ikasemwa vingine. Scola asingeutoa, na mimi siwezi kukaa juu ya magunia bila mto.

Kilomita tatu zile zilichukua saa mbili. Padre alinishika upande mmoja. Upande wa pili alinishika Evarist, sikumwomba. Tukaingia Jorodom saa nane mchana. Glory alikuwa amesimama pale ilipokuwa nyumba, sasa ni mawe na majani tu, amevaa sare yake ya zahanati. Aliniona kutoka mbali. Hakukimbia. Alingoja nifike kabisa, mpaka pale pale, kwa sababu nadhiri ilisema pale pale.

"Shikamoo baba," akasema. "Umekuja kwa miguu."

Nikataka kumwambia marahaba, haikutoka. Ile nyingine ya Hirbadaw ilitoka, hii ikakataa. Nililia. Kulikuwa na vumbi pia, lakini nililia. Scola akashuka kwenye gari na mto wangu, akauweka chini, akaniambia nikae.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Fedheha!

Nimefika shuleni nikichechemea, nikakuta walimu wote wamejipanga mbele ya ofisi. Kuna keki. Kuna bango: HONGERA MWL. SHIRIMA KWA KUSTAAFU SALAMA. Watoto wa darasa la sita wanaimba wimbo wa kuniaga, wengine wanaimba kwa furaha kupita kiasi, nimeandika majina yao. Kumbe mwalimu wa zamu anasali kwetu, alisoma orodha mlangoni mwa kanisa. Na mwalimu mkuu ana barua tayari ya kuuliza ilikuwaje nikaendelea kufundisha mwaka mzima baada ya muda wangu, inapelekwa utumishi leo hii.

Na mgeni rasmi kutoka utumishi, amekaa kwenye kiti cha kitambaa: Evarist.

Nikamvuta pembeni. Nikamweleza kwamba barua ikifika, mimi sina kazi, harusi ni mwezi wa kumi. Nikamwomba aseme anachokijua kwenye jalada. Akasema atasema, kwa furaha kabisa, tena sasa hivi, mbele ya wote. Halafu akanitazama mdomoni.

Walimu kumi na mmoja. Watoto mia tatu na ushee.

Nikasema shikamoo.

Evarist akaweka mkono sikioni. Akasema hajasikia vizuri, labda nirudie.

Nikarudia.

Akasimama akatangaza kwamba orodha ya kanisani ina kosa la uandishi, kwamba Mwalimu Shirima ni kijana wa hamsini na minne na serikali bado inamhitaji. Barua ikachanwa. Watoto wa darasa la sita wakanyamaza kabisa. Keki tuliila. Evarist alichukua kipande chenye ua.

Jumapili, 24 Agosti 2025

Nimeungama kwa Padre kuhusu kalamu ile. Kanipa malipizi: niandike upya Mwongozo, safari hii kwa mambo niliyoyapitia mwenyewe. Nimeshaanza. Viatu viwe vya zamani. Kanuni ya saba nimeifuta. Kanuni ya nane inakataza kuimba mtu akiwa kichakani.

Gidabuday nimemtumia salamu kupitia Padre, pamoja na shikamoo mbili, moja ya kwake na moja ya kufuta ile. Karudisha jibu: alijua tangu mwanzo. Anasema mtu wa sitini na moja hawezi kuwa mjinga wa viatu kiasi kile.

Jioni Glory amepiga simu. Maandalizi yanaenda vizuri, analala usingizi. Halafu akasema mwakani anataka kutembea na yeye, na mume wake, waje Mbulu waanzie mlangoni kwetu, na mimi niwe nao njia nzima, baba na mwana, kumshukuru Mungu. Nikasema ndiyo, mwanangu, njia nzima, kila hatua. Nilimaanisha kila neno.

Baada ya simu nikakumbuka tangazo la leo asubuhi. Mwakani umri hautaangaliwa tena, kwa sababu ya kilichotokea, Judica alisema, akinitazama mimi! Kenta litapakia wapishi, na wenye ulemavu wa mguu unaojulikana na jumuiya nzima.

Unaojulikana na jumuiya nzima. Hilo haliwezi kufanywa kwa siku moja, linahitaji mwaka. Na mimi tayari nachechemea, watu wameshaanza kuniona, kwa hiyo ni suala la kutoacha tu. Kesho nitapita sokoni taratibu na fimbo. Mguu ni wa kulia. Au jana mbele ya Bibi Eufrasia nilichechemea wa kushoto? Ilikuwa wa kushoto, alinipa pole ya kushoto. Basi ni wa kushoto. Nauandika hapa nisije nikasahau.